Vidonge vya Doto

Ninaandika haya kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku hizi hata ndogo naziona, ila mkono umeshazoea. Kwa muda wa miaka mitatu hivi macho yangu yalikuwa yakijifunga polepole na sikumwambia mtu. Sasa yote mawili yamefunguliwa, na kabla sijasahau ilivyokuwa nataka kuwaambia wazee wenzangu wanaoficha kama nilivyoficha. Mambo ya kitabibu waulizeni madaktari. Mimi nitasema yaliyonipata nilipokwenda kukaa na wajukuu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akiniongezea moja ya bure, nazigeuza zote nione ipi imeoza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata mvua ikinyesha mimi nitauliza imetumwa na nani. Basi mtu wa namna hiyo akianza kutoona, jamani, ni balaa juu ya balaa.

Kwangu ni kijijini, nje kidogo ya mji wa Handeni. Ukungu ulianza jicho la kushoto. Nilidhani ni moshi wa kuni, nikawa naosha uso kwa maji baridi kila asubuhi. Ukungu ukahamia na la kulia. Mwezi mmoja angani nikauona mitatu. Saa sita mchana mwanga ulinichoma hadi machozi yakanitoka, na kutia uzi kwenye sindano nikaacha kabisa, nikawa nasema nguo zangu hazichaniki. Watu niliwajua kwa sauti na mwendo. Jirani yangu akipita kimya nilisema moyoni, huyu siku hizi ananidharau. Kumbe alikuwa ananipungia mkono kila siku, na yeye akaenda kusema kwamba mimi ndiye niliyeanza maringo.

Lakini ndani ya nyumba yangu hakuna aliyejua. Chumvi naijua ilipo, kisu nakijua kilipo, mlango naufungua kwa kupapasa. Nilijiambia ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

Ndipo mwanangu wa mwisho, Athumani, akapiga simu. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, akiondoka anaweza kukaa mwezi mzima. Nyumba yake iko Masuguru, Korogwe. Mkewe, Mama Kulwa, ni Msambaa wa huko juu Lushoto, na kila siku hupanda gari alfajiri kwenda Segera kuwauzia abiria wa mabasi machungwa na mayai ya kuchemsha. Binti aliyekuwa akiwalelea watoto alikuwa ameolewa.

"Mama, njoo ukae na wajukuu mpaka masika yaishe," alisema. "Mwenzangu peke yake hawezi."

Ningesemaje? Kwamba bibi yao haoni? Nikafunga kibegi changu nikaenda.

Wajukuu wenyewe ni mapacha, wasichana, wakati huo walikuwa wamefika miaka minne. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Doto akafuata. Wenye macho walisema wanafanana kama shilingi mbili, ila Doto ana kovu dogo juu ya nyusi. Mimi niliona mafungu mawili ya nguo za bluu yakinikimbilia. Niliwaita wake wenzangu, nao wakaniita mke mkubwa, na utani huo ukatufaa sana, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa na kisingizio cha kuuliza: "Haya, mke mwenza, wewe ndiye nani leo?"

"Mimi Kulwa!"

"Na wewe?"

"Doto."

Kulwa alikuwa na domo, Doto mpole. Wakisema, niliwajua. Wakinyamaza, sikujua ni yupi.

Siku zetu zilikuwa na mpangilio. Mama yao akishaondoka, tunakunywa uji. Baada ya uji ni kuoga, wote wawili kwenye beseni moja, maji yakimwagika hadi barazani. Kisha kuchana nywele na vilio vyake. Wakacheza uani mpaka jua lipande, wakala ugali na mchicha, wakalala, wakaamka wakiwa wamenuna, na jioni tukakaa tukimsubiri mama yao. Kila nilichompa mmoja nilimpa na mwenzake, kwa kipimo kilekile. Hiyo ndiyo desturi niliyokulia kwetu Uziguani: pacha habaguliwi. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, yule aliyenyimwa ataugua, na lawama ni zako. Mama yangu alilea mapacha wa dada yake hivyo, hata mmoja akinyolewa mwingine naye ananyolewa. Kulwa alishaigundua desturi yangu mapema. Akishakula andazi lake, nilisikia sauti ya upole ikisema, "Bibi, mimi Doto, bado."

Niliyemshuku wala hakuwa Kulwa. Nilimshuku mama yake.

Wiki ya kwanza tu nilikuta ngazi ya mlangoni imepakwa chokaa nyeupe. Nikasema, anapamba nyumba kwa ajili ya nani na mume hayupo? Wiki ya pili nikapewa kikombe changu peke yangu, chekundu, cha plastiki. Nikasema, ananitenga kama mwenye kifua kikuu. Jiko la mkaa likahamishwa kutoka njiani likawekwa pembeni. Nikiletewa samaki, ametolewa miiba yote. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Nani anamchambulia mtu mzima samaki, kama si aliyekwishakula minofu mizuri akanibakizia vipande? Na mara mbili nilimsikia akinong'ona na jirani kwenye uzio, nikisogea wananyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, nikawa nalala na kibegi changu chini ya mto.

Masika yakakolea. Mbu wakawa wengi, na Doto akashikwa na homa. Mama yake aliacha kazi siku hiyo, akampeleka zahanati, wakampima, akakutwa na malaria. Akapewa dozi ya kwanza hukohuko, na homa ikashuka. Jioni simu ikalia kutoka Lushoto: baba yake mdogo aliyemlea amefariki, mazishi kesho.

Mama Kulwa alikaa kwenye kochi, nikamsikia akilia. Kisha akanishika mkono, akaniwekea pakiti ya vidonge kiganjani.

"Mama, naenda kuzika, Jumapili narudi. Hivi ni vya Doto peke yake. Kulwa hana malaria. Asubuhi viwili, jioni viwili, unaviyeyusha kwenye kijiko cha maji."

"Nimesikia."

Akasita. "Mama, samahani. Unaona vizuri kweli?"

Damu ilinichemka. "Unaniuliza mimi? Mimi niliyemlea mumeo mpaka akawa na akili za kukuoa wewe?"

"Basi, mama. Nisamehe."

Alfajiri akaondoka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Asubuhi ile baada ya uji nilikaa mlangoni na vijiko viwili. Vidonge viwili, watoto wawili. Aliyesema ni vya Doto peke yake alikuwa mtu niliyemshuku, na Msambaa wa watu atanifundisha nini kuhusu mapacha? Niliogopa kwa dhati kwamba nikimpa Doto peke yake, kesho Kulwa ataanguka. Nikayeyusha kimoja katika kila kijiko.

"Kulwa!" Akaja, akanywa, akalamba kijiko. Vidonge vile ni vitamu kama pipi.

"Doto!" Mtoto akatoka chumbani, akaja taratibu. "Wewe nani?" "Mimi Doto," kwa sauti iliyolegea. Akanywa, akalamba kijiko.

Jioni hivyohivyo. Kesho yake hivyohivyo. Nikigusa paji la uso la Doto alipolala, lilikuwa na moto, nikasema dawa inapambana na homa. Jumapili asubuhi moto ulikuwa umezidi na uji alikuwa ameukataa. Nikaanza kuishuku dawa. Nikakumbuka mkamwana wangu aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, si bahasha. Labda hakuipata zahanati, labda kainunua dukani kwa mtu asiyejulikana. Lakini vidonge vya jioni ile nilikuwa naviweka tayari, navyo ningevigawa vilevile.

Mama yake aliingia saa nane mchana. Nilimsikia akitua mkoba, akaingia chumbani, kisha akapiga ukelele ambao sitausahau. Doto alikuwa amekakamaa, na mama yake akasema macho yamegeuka. Degedege.

Alimbeba mgongoni, akadaka bodaboda kwenda hospitali. Mimi na Kulwa tukafuata na nyingine, mtoto amekaa katikati yangu na dereva.

Mnaojua benchi la nje ya wodi ya watoto mnajua. Lina baridi hata jua likiwaka. Walimchukua Doto ndani, wakamtundikia dripu, tukaambiwa tusubiri. Nesi akatoka na karatasi.

"Mtoto alikuwa na dawa ya malaria. Alikunywa?"

"Alikunywa," nilisema. "Nimempa kwa mkono wangu huu."

"Dozi zote?"

"Zote, isipokuwa ya leo jioni."

Nesi akaguna. "Basi dawa imekataa. Lazima nimwambie daktari." Akarudi ndani.

Athumani akapiga simu akiwa njiani huko. Mkewe alinipa mimi niongee. Akauliza dawa ilitoka wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Aliileta mkeo. Mimi sijui kaitoa wapi." Nilimsikia akivuta pumzi. Akataka apewe mkewe, na sauti yake nikaisikia hata nilipokaa: kwa nini umenunua dawa ya barabarani, kwa nini ulimwacha mtoto, wewe ni mama wa aina gani. Mama Kulwa hakujitetea. Alisema tu, "Ni ya zahanati, baba Kulwa. Ni ya zahanati." Alirudia mpaka simu ikakatika, kisha akaingia wodini kwa mtoto wake.

Nikabaki na Kulwa. Alikuwa amenilalia mapajani, anachezea ncha ya kanga yangu.

"Bibi, Doto atapona?"

"Inshallah atapona."

"Akipona, na yeye ataonja dawa? Tamu. Mimi nilikunywa na ya kwake."

Niliinama. "Ya lini?"

"Zote. Doto alikuwa amelala. Nikasema mimi ndiye Doto."

Alisema hivyo bila hofu yoyote, kama anayenihadithia mchezo. Niliutazama uso wake ulioinuliwa kwangu, umbali wa shubiri moja, na sikuuona. Niliona kivuli cha mviringo. Angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

Ningependa kuwaambia kwamba niliinuka palepale. Sikuinuka. Nilikaa. Kulwa akasinzia. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi, na mtoto wa miaka minne husahau. Nikikaa kimya, nitabaki bibi mwenye macho, na aliyekosea atakuwa yule mwenye mfuko wa nailoni. Nikisema, nitafungiwa kibegi changu na sitawalea tena wale watoto maisha yangu yote. Hesabu hiyo niliifanya kweli, nikiwa nimemkumbatia mmoja, na mwingine yuko ndani na sindano mkononi.

Kilichonisimamisha ni sauti ya daktari mlangoni, akimwambia nesi kwamba kama dawa ya kwanza imekataa itabidi wafikirie vingine. Nilifahamu kwamba wanamtibu mtoto kwa uongo wangu.

"Daktari!" Niliita, Kulwa akashtuka. "Dawa haikukataa. Hakunywa."

Nikasema yote: desturi, vijiko, na jinsi nisivyoweza kumtofautisha mtoto na mwenzake. Daktari hakunigombeza. Alisogea, akaniangalia machoni kwa tochi ndogo, akasema, "Mama, una mtoto wa jicho pande zote mbili. Hili la kushoto limeshaiva zamani." Akamwagiza nesi ampime na Kulwa, akarudi ndani haraka. Kulwa hakukutwa na neno.

Nilipogeuka, Mama Kulwa alikuwa amesimama pale. Nilimjua kwa harufu ya maganda ya machungwa ambayo haimtoki hata akioga. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayastahili, hata nilikuwa nimeshayapanga kichwani yatakavyokuja.

Alikaa kwenye benchi. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba huoni, mama. Tangu siku ile ulipomwaga chai pembeni ya kikombe. Ndiyo maana nikakutafutia chekundu. Nikapaka ngazi chokaa usije ukaanguka. Jirani ndiye alinishauri nitoe jiko njiani." Akapenga kamasi. "Nilijua, na bado nikakuachia mgonjwa. Niliogopa nikisema utadhani nakudharau. Sasa nani kamuumiza mtoto, wewe au mimi?"

Tulikaa vile hadi walipotuita. Nilimpigia Athumani mwenyewe, nikamwambia mkeo hana kosa, kosa ni langu, tena umwombe radhi. Akataka apewe mkewe tena.

Doto alirudi nyumbani siku ya nne, mwembamba, na kelele za mtu anayetaka kubebwa. Nilitaka kurudi Handeni. Mama Kulwa akasema, "Utarudi ukishaona njia."

Kliniki ya macho ilianza baada ya masika. Sitawadanganya, nilikwenda nikishuku. Kijijini kwetu walinihakikishia kwamba wanang'oa jicho la mtu wanaweka la mbuzi. Pale benchini tulikaa wazee kumi na kitu, kila mmoja ameshikiliwa na mtoto wa mtu. Mzee mmoja wa Makuyuni, mkulima wa mahindi, aliniuliza, "Wewe wamekuletea mbuzi wa rangi gani?" Tukacheka mpaka nesi akatunyamazisha, na hofu ikapungua nusu. Jicho la kushoto walilifanya kwenye kipupwe. Wanakuchoma ganzi, unalala macho wazi, unasikia sauti zao wakiongea mambo ya kawaida kabisa. Siumii, nilijiambia, basi lazima kuna kitu wanaficha. Hawakuwa wanaficha kitu. Kesho yake plasta ilitolewa, na cha kwanza nilichokiona ni mikono yangu mwenyewe. Nililia kwa jinsi ilivyozeeka bila mimi kuwapo.

Wiki za baadaye ndizo ngumu. Usiiname, usibebe ndoo, usifikiche. Matone mara nne kwa siku, na aliyeyadondosha ni Mama Kulwa. Alirudi kutoka Segera mapema kwa ajili hiyo, na biashara yake ikayumba. Kila tone nilitaka kuuliza kama ni chupa yenyewe, na kila mara nililimeza swali. La kulia wakalifanya vuli.

Sasa naona. Naona kovu la Doto, limekaa kama punje ya mchele. Naona kwamba Kulwa ana macho ya marehemu mume wangu, ya kichokozi. Lakini niliona na jambo jingine ambalo macho mabovu yalikuwa yamenisitiri nalo. Niliona mkamwana wangu anavyonitazama nikiwashikia watoto kikombe. Anasimama, kitambaa cha vyombo mkononi, haendi mbele wala nyuma, mpaka mtoto ameze. Dawa zote za nyumba zilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba alikwenda nao Segera. Hakusema neno baya hata siku moja. Mimi bingwa wa kushuku nilikuwa nimeshukiwa, na nilijua ni haki yake. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyohivyo, pengine vibaya zaidi.

Basi nikajiwekea utaratibu. Kila nikitaka kuwapa kitu, hata maji, naita: "Mama Kulwa, njoo uone. Huyu ni Doto, hiki ni cha Doto." Naye anakuja, anatazama, anarudi. Tulikaa hivyo vuli nzima. Wenzangu mnaotoka hospitali, hilo hawatawaambia kliniki: macho yanarudi kwa wiki kadhaa, lakini kuaminiwa kunachukua muda wake, na hakuna matone yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi kifo kilikuwa kimepanga kumchukua mwingine.

Jumamosi moja ya kiangazi Doto aliamka anakohoa. Mama yake alikuwa uani anafua, povu hadi kwenye viwiko. Mkoba wake ulikuwa juu ya meza, na chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa nje ya mkoba, imesimama karibu na kijiko. Sikuigusa.

"Mama Kulwa!" niliita. "Doto anakohoa. Njoo uone ninachompa."

Nilisikia nguo ikikamuliwa, maji yakichuruzika.

"Mpe tu, mama," alijibu.

Nikangoja. Mnanijua tena mimi. Nikachungulia dirishani nione kama amejificha ananitazama. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama kwenye beseni, anasugua kola ya shati la mumewe.

Nikamwita Doto, nikalitazama kovu, nikamuuliza jina, akanijibu. Nikasoma maandishi kwenye chupa, mstari hadi mstari. Nikampa kijiko kimoja. Kulwa alikuja mbio, mdomo wazi kama kifaranga.

"Na mimi, bibi!"

"Wewe hukohoi," nilimwambia. "Hiki ni cha Doto peke yake."